Bandari ya Ubundu iliuawa na nini hasa: vita, reli, au maporomoko yenyewe?

#1 Bandari_Kavu
Wakuu salaam. Mabishano ya kijiweni yamenishinda, nimeyaleta huku kwa wanaosoma.

Ubundu, mji mdogo kando ya mto Lualaba (ndio Kongo wa juu), DRC. Enzi za Wabelgiji ukiitwa Ponthierville, jina likabadilishwa 1966. Kwa miongo mingi mzigo wa meli uliotoka Kindu kwenda Kisangani ulikuwa hauna ujanja, lazima ushushwe pale. Kuanzia Ubundu kwenda chini mto unaingia kwenye maporomoko saba ya Boyoma, karibu kilomita 100, na hakuna chombo cha mizigo kinachopita. Kwa hiyo meli inafika, mzigo unapandishwa treni, treni inakwenda kilomita 125 hadi Kisangani, halafu mzigo unarudi tena majini kwenda Kinshasa.

Msimamo wangu: vita vya 1996 hadi 2003 ndivyo vilivyoimaliza ile bandari. Anayepinga alete hoja, matusi aache nje.

#2 Kiboko_wa_Ujiji
Nimeweka kambi. Fundi_Reli akiuona huu uzi leo halali.

#3 Fundi_Reli
Nimeshauona.

Mkuu Bandari_Kavu, vita viliikuta bandari iko hoi kitandani. Kilichoiua ni idadi ya mara mzigo unavyoshikwa. Twende taratibu.

Kampuni ya reli ya CFL iliundwa 1902, mwenye fedha akiwa Édouard Empain, yule yule wa metro ya Paris. Ujenzi wa reli ya Stanleyville (Kisangani ya leo) hadi Ponthierville ulianza 1903 ukaisha 1906. Kisha wakaruka maji ya kupitika, zaidi ya kilomita 300 hadi Kindu, wakajenga tena Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ikawa tayari 1910, maana hapo katikati kuna miamba na lile korongo la Porte d'Enfer. Juu ya Kongolo mto unapitika tena mpaka Bukama, zaidi ya kilomita 600. Mwaka 1915 wakamalizia tawi la Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo, ziwani Tanganyika.

Kwenye ramani inapendeza. Sasa jifanye una tani moja ya mzigo Bukama unataka ifike baharini Matadi. Unapakia meli. Kongolo unashusha, unapakia treni. Kindu unashusha, unapakia meli. Ubundu unashusha, unapakia treni. Kisangani unashusha, unapakia meli. Kinshasa unashusha, unapakia treni. Matadi unashusha, ndipo unaiona meli ya bahari. Kila kituo kuna makuli wa kulipwa, kuna ghala la kulipia, kuna siku za kusubiri, na kuna mkono unaochomoa.

1928 reli ya Bukama hadi Port-Francqui (Ilebo) ikafunguliwa. Mzigo ule ule sasa unashikwa Ilebo, Kinshasa na Matadi, basi. 1931 Katanga ikaunganishwa na reli ya Benguela hadi Lobito, bandari ya Angola: behewa linafungwa Katanga linafunguliwa baharini. Nani mwenye akili angepeleka shaba yake Ubundu baada ya hapo?

#4 Bandari_Kavu
Nondo nzito. Lakini Fundi, kama ilikufa 1928, mbona wazee wa kule wanasimulia meli za miaka ya 1950 na 1970?

#5 Mwana_Lualaba
Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nimezaliwa Ubundu, baba yangu alikuwa karani wa gati miaka ya sabini.

Fundi_Reli unaongelea shaba. Sisi hatukuishi kwa shaba. Uliokuwa ukishuka pale ni mchele wa Maniema, mawese kwenye madramu, pamba, kahawa, samaki wa kukausha. Kutoka Kisangani kupanda juu ilikuja chumvi, vitambaa, bia, saruji, mafuta ya taa. Ule mzigo haukuwa na habari na Lobito wala Benguela. Ulikuwa mzigo wa watu wa mto kwenda kwa watu wa mto.

Nieleze namna ulivyohesabiwa, maana wengi hawajui. Tishari likifungwa gatini, mbao mbili ndefu zinalazwa kutoka kwenye tishari hadi nchi kavu, moja ya kushukia na mzigo, moja ya kurudia mikono mitupu. Mchukuzi akitoka na gunia anapita kwa karani wa kwanza, anapewa kijiti. Anatembea na gunia kichwani hadi mlangoni kwa behewa, pale anakaa karani wa pili na debe tupu. Anadondosha kijiti ndani ya debe ndipo anatua gunia. Jioni vijiti vya kwenye debe vinahesabiwa mbele ya watu wote, na hesabu lazima ilingane na karatasi iliyotoka Kindu. Ikipungua, hakuna anayekwenda nyumbani. Baba alikuwa ndiye wa debe. Madramu ya mawese hayakubebwa, yaliteremshwa kwa kamba mbili zilizozungushwa, watu wanne juu wakiachia pole pole. Kamba ikikatika, dramu lilikuwa linakwenda moja kwa moja mtoni na mtu asipokaa sawa linakwenda naye.

Kwa hiyo 1928 siyo jibu. Mimi ninavyojua kazi ilianza kupungua kwa sababu meli ziliharibika hazikutengenezwa. Moja, halafu nyingine. Mwisho unabaki na gati, makarani na debe, chombo hakuna.

#6 Shombo
Hiyo ya kijiti na debe nimeipenda. Siku hizi mfumo wa kompyuta unakwambia magunia yote yapo, ukienda ghalani kuna panya tu.

#7 Msomaji_wa_Usiku
Mbona hamzungumzii Vita vya Kwanza vya Dunia? Zile boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokuja kupigana na Wajerumani ziwa Tanganyika, zilipitia Ubundu hapo hapo. Ndiyo siku za utukufu za ile bandari.

#8 Fundi_Reli
Hapana mkuu #7. Mimi na Toutou zilitokea kusini. Zilishushwa Cape Town 1915, zikaja kwa treni hadi Katanga, zikaburutwa porini na matrekta ya mvuke na ng'ombe, zikapanda treni tena kidogo, zikaingizwa Lualaba pale Bukama na kuteremka hadi Kabalo, halafu treni ya kwenda ziwani. Kabalo iko mbali sana juu ya Ubundu. Mto ni ule ule, mji siyo huo.

#9 Kiboko_wa_Ujiji
Na huku kwetu Kigoma Mjerumani alikuwa keshaleta Graf von Götzen vipande vipande kwenye maelfu ya makasha, reli kutoka Dar, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915. Akaizamisha mwenyewe 1916 asiwaachie. Mwingereza akaiibua, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Watu wa Ubundu mna nini cha kulinganisha na mama Liemba?

#10 Mwana_Lualaba
Sisi tuna maporomoko saba, nyie mna maji yaliyotulia. Mtoto wa ziwa asimtambie mtoto wa mto.

#11 Bandari_Kavu
😂😂 Turudi kwenye mada jamani. Nimesikia reli na nimesikia meli kutotengenezwa. Vita bado havijapata mtetezi zaidi yangu.

#12 Mzee_wa_Takwimu
Meli hazikutengenezwa kwa sababu gani? Hapo ndipo pa kuchimba.

Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yachukuliwe na Wazaire. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi kando ya mto yakapewa watu wenye majina mazuri, wengi hawajawahi kuagiza hata katoni ya sabuni. Wale wageni hawakuwa malaika, lakini ndio waliokuwa wananunua mchele na kahawa vijijini, wanakopesha, wanakodi nafasi kwenye tishari, wanaleta chumvi kwa kurudi. Mwaka mmoja au miwili duka limeisha bidhaa, hakuna wa kujaza. Mkulima akiuza mchele hapati cha kununua, basi analima wa kula tu. Meli inasafiri nusu tupu. Meli inayosafiri nusu tupu hainunui vipuri.

Mwaka 1974 makampuni ya reli yakaunganishwa kuwa shirika moja la taifa. Makao makuu Lubumbashi. Ubundu ukawa mkia kabisa wa mfumo, na mkia ukikatwa mnyama haoni.

Kwa hiyo #3 amekosea kwa miaka arobaini na tano, na #1 amekosea kwa zaidi ya ishirini upande wa pili.

#13 Fundi_Reli
Mzee, heshima yako. Ila usinisingizie. Sijasema ilikufa 1928, nimesema 1928 iliondolewa kwenye njia kuu. Mji ulioondolewa njia kuu unaishi kwa huruma ya mzigo wa jirani. Alichosema Mwana_Lualaba kinathibitisha hilo hilo.

Halafu kuna jambo hamjaligusa: upana wa reli. CFL walijenga mtandao wao wote kwa upana wa mita moja. Katanga ilikuwa upana wa kusini mwa Afrika, milimita 1,067. Miaka ya 1950 walipoamua kuunganisha Kamina na Kabalo, wakapanua reli zote za upande wa Kongolo, Kindu na Albertville zilingane na Katanga. Kipande cha Ubundu hadi Kisangani wakakiacha na mita yake moja. Kisiwa. Injini ikifa pale huwezi kuazima ya Kindu, kwanza kuna mto katikati, pili haikai kwenye reli. Kila behewa na kila kichwa cha treni pale kilikuwa yatima.

#14 Shombo
Swali la kijinga: kwani kwa nini hawakuunganisha Kindu na Ubundu kwa reli moja tu wakamaliza kero?

#15 Fundi_Reli
Kwa sababu maji yalikuwepo na maji ni bure. Ndivyo walivyopiga hesabu 1906. Jenga reli pale tu mto unapokataa.

#16 Dada_Kindu
Maji ni bure 😂 Kaka Fundi inaonekana hujawahi kukaa juu ya mchanga.

Mimi ni mfanyabiashara, Kindu. Naomba wasomi mnipishe kidogo. Kati ya Kindu na Ubundu mto unabadilika. Ukame ukikolea maji yanashuka, mafungu ya mchanga yanatokea mahali ambapo msafara uliopita hayakuwepo, na kuna mawe chini ambayo hayana alama. Zamani kulikuwa na maboya na watu wa kupima kina. Sasa kuna kijana amekaa puani mwa balenieri, yale maboti ya mbao yenye mashine, ana upondo, anauchomeka majini, anapiga kelele, nahodha nyuma anapunguza mashine. Kelele zikibadilika abiria wote wananyamaza kusikiliza. Chombo kikikwama mnashuka wote wenye nguvu, mnasukuma, mkishindwa mnapunguza mzigo kwenye mitumbwi.

Mara moja nilipakia mchele wangu kwa mwenye chombo mmoja, tukakwama, magunia yakapunguzwa usiku kwenye mitumbwi "kwa muda". Kufika Ubundu yamepungua. Nauliza, naambiwa mto umechukua. Mto unachagua magunia yenye alama yangu tu. Sikulipwa mpaka leo. Angekuwepo baba yake Mwana_Lualaba na lile debe lake nisingelia.

Kwa hiyo mimi natia kura kwa mto wenyewe. Njia ya maji isipotunzwa, meli kubwa haiwezi kupita hata ikiwa mpya.

#17 Mwana_Lualaba
Pole dada. Baba angewakalisha gatini mpaka asubuhi.

#18 Msomaji_wa_Usiku
Na mbona mnaanza hesabu 1902? Kabla ya treni pale pale palikuwa pa kuhamishia mzigo. Stanley alipoteremka Januari 1877 ilibidi mitumbwi itolewe majini na kuburutwa msituni kwenye kila poromoko, na mashua yake Lady Alice ilikuwa ya kufunguliwa vipande. Kisha akina Tippu Tip, pembe za ndovu zikipanda mto kurudi Nyangwe na Kasongo, halafu kwa miguu hadi pwani. Hapo kwenye maporomoko pembe zilibebwa na watu, wengi wao watumwa. Mwaka 1887 Tippu Tip akawa gavana wa Stanley Falls, hapo hapo Boyoma, kwa niaba ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Reli ilikuja kuchukua kazi ya mabega.

#19 Mzee_wa_Takwimu
Nyongeza nzuri hiyo, na inabadilisha swali. Pembe zilikwenda mashariki, Zanzibar. Leopold alitaka kila kitu kigeuke magharibi, Matadi. Reli ya Ubundu ni chombo cha kugeuza biashara iliyokuwa inatazama Bahari ya Hindi. Na hata kuijenga, watu waliolazimishwa kazi na waliokufa humo ndani hawakuandikwa kwenye debe la mtu yeyote.

#20 Kiboko_wa_Ujiji
Basi haikugeuka sawasawa! Mkataba wa 1921 Mwingereza alimkodishia Mbelgiji viwanja vya bandari Kigoma na Dar kwa faranga moja kwa mwaka. Ndiyo Belbase hiyo, wazee wa Dar wanaikumbuka. Mzigo wa mashariki ya Kongo ukapata mlango: Kindu, Kabalo, Kalemie, unavuka ziwa, Kigoma, treni hadi Dar. Ukiwa Kindu na kasiteriti (madini ya bati) kutoka Kalima, kwa nini uishuke mto mpaka Kinshasa? Unapanda treni kwenda kusini, umemaliza.

Kwa hiyo muuaji wa Ubundu ni Kigoma. Tunakubali kosa, asanteni 😎

#21 Fundi_Reli
Kwa mara ya kwanza Kiboko kasema kitu. Hiyo ni hoja. Kindu ilikuwa na milango miwili, Ubundu ulikuwa na mmoja.

#22 Mwana_Lualaba
Kiboko usijipe sifa. Mchele wa kulishia Kisangani haukupita Kigoma.

#23 Bandari_Kavu
Naona vita vyangu mmevizika. Ngoja nivitetee. Kabla ya 1996 kulikuwa na treni, hata kama ya kusuasua. Machi 1997 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikwama Ubundu wakikimbia kutoka kambi ya Tingi-Tingi, wengi wakafa njiani kando ya ile reli. 1998 vita vikaanza upya, Kisangani chini ya waasi, Juni 2000 Rwanda na Uganda wanapigana mizinga mjini. Mto wa kwenda Kinshasa ukakatwa na mstari wa mapambano. Treni kutoka Lubumbashi ilikuja kufika Kindu tena 2004. Miaka yote hiyo nani alipaka gati rangi?

#24 Dada_Kindu
Hilo ni kweli, silibishi. Miaka ile watu walisukuma baiskeli. Dumu za mawese mbili huku mbili kule, gunia la chumvi katikati, mtu anatembea nayo msituni kwa wiki. Tulizikosa meli hata za kuziona.

#25 Shombo
Kuna pia barabara ya Kisangani kwenda Lubutu na Walikale. Lori likipata barabara mto unasubiri.

#26 Mwana_Lualaba
Barabara ile haipiti Ubundu. Ndiyo tatizo lenyewe kwetu: mzigo wa mashariki ukaanza kuingia Kisangani kwa lori kupitia Lubutu, sisi tukabaki pembeni. Na jambo jingine wageni hawalijui: treni ya Ubundu haiingii Kisangani mjini. Inaishia Lubunga, ng'ambo, ukingo wa kushoto. Soko kubwa liko ukingo wa pili. Kwa hiyo gunia likishuka kwenye behewa bado kuna kivuko. Lori la Lubutu linaingia sokoni moja kwa moja.

#27 Fundi_Reli
Nilisahau Lubunga! Ongeza shusha-pakia moja kwenye orodha yangu ya #3. Nazidi kushinda.

#28 Mzee_wa_Takwimu
Hushindi, unazidisha ushahidi wa kila mtu.

#29 Dada_Kindu
Mimi nina ugomvi na kichwa cha uzi. Nani kasema bandari imekufa? Balenieri zinatoka Kindu mpaka leo, zimejaa hadi huoni maji. Ubundu kuna pikipiki zinapokea mzigo kwenda Kisangani, na reli ikiamka inabeba. Kilichokufa ni meli ya kampuni na karatasi zake. Mzigo wenyewe upo, ila umegawanyika kwa watu wadogo mia, hakuna anayeuandika popote, ndiyo maana Mzee_wa_Takwimu hauoni.

#30 Mzee_wa_Takwimu
Nimepigwa ngumi ya haki. Lakini dada, tishari moja la zamani lilibeba mamia ya tani. Balenieri zako ngapi ndiyo zifike hapo?

#31 Dada_Kindu
Njoo gatini uhesabu mwenyewe. Lete vijiti.

#32 Bandari_Kavu
Kuna jamaa yangu anataka kujaribu mchele njia hiyo. Gharama ya gunia Kindu hadi Ubundu zinakwendaje, dada?

#33 Dada_Kindu
Inategemea maji yako juu au chini, na nahodha unamjua kiasi gani. Mwambie asipakie ukame, gunia aandike jina pande zote mbili, na alale juu ya mzigo wake. Mengine aje inbox.

#34 Kiboko_wa_Ujiji
Au apitishe Kigoma.

#35 Mwana_Lualaba
Kiboko toka hapa.